Usiniambie Picha ni Picha Tu

Katika darasa letu la Kiswahili hapa Juba tulipewa zoezi: kila mwanafunzi alete picha yenye hadithi ndani yake, aieleze mbele ya wenzake. Mwenzangu mmoja alileta picha ya Mtakatifu George aliyoipiga kwa simu kwenye kioo cha raksha, chombo ambacho jirani zetu wa Tanzania hukiita bajaji. Wengi wenu mnaijua picha hiyo. Kijana amepanda farasi mweupe, mkuki uko mkononi, na chini ya kwato joka linagaagaa. Alipomaliza kueleza nikamwuliza, "Joka ni nani?" Darasa likacheka. Akanijibu, "Dada, joka ni joka. Picha ni picha tu." Mwalimu akatabasamu, akasema tuendelee na mwingine.

Tuliendelea, lakini mimi jibu lile halikuniridhisha, na insha hii ni marejeo yangu kwa ndugu yangu yule na kwa wote waliocheka naye. Hoja yangu ni moja. Picha ya mtakatifu haitufundishi tu nani wa kumpenda. Inatufundisha pia nani wa kumchukia. Kwa hiyo, kabla hatujaibandika ukutani au kuituma kwa simu, tunawajibika kuiuliza swali: je, inamshtaki mtu aliyetenda, au inalishtaki kundi zima la watu? Ushahidi wangu wa kwanza nitautoa Uingereza ya Zama za Kati. Sifanyi hivyo kwa kuvutiwa na Waingereza. Nafanya hivyo kwa sababu hadithi zao zimekwisha kuiva na kuanguka mtini, tunaweza kuziona kuanzia ua hadi mbegu. Za kwetu bado zinachanua.

Tuanze na huyo George. Kwanza, hakuwa Mwingereza. Mapokeo yanasema alikuwa askari wa dola ya Roma aliyeuawa kwa ajili ya imani yake mwanzoni mwa karne ya 4, na kaburi lake huonyeshwa Lydda, Palestina. Katika masimulizi ya kale ya kifo chake joka halimo. Joka liliingia mamia ya miaka baadaye, likaenea Ulaya hasa kwa kitabu cha hadithi za watakatifu kilichokusanywa na Jacobus de Voragine katika karne ya 13, ambacho William Caxton alikichapa kwa Kiingereza mwaka 1483. Na kitabu hicho kinasema joka liliishi wapi? Libya. Yaani katika bara letu. Mchoraji wa kijiji cha Uingereza, ambaye hakuwahi kuvuka bahari, alimvika George deraya ya Kiingereza, akampa uso wa kijana wa Kiingereza, na ule ubaya akauacha ukae mbali, kwa watu wengine.

Waingereza walimpenda wakamfanya msimamizi wao. Tangu 1817 picha yake imepigwa kwenye sarafu yao ya dhahabu. Mwaka 1915 ikatokea kwenye bango la kuwaita vijana waingie jeshini. Bango lile halikuandika kwamba joka ni Mjerumani. Halikuhitaji kuandika, kila aliyepita alijua. Vita hivyohivyo vilifika Afrika Mashariki vikawabebesha mizigo mamia ya maelfu ya watu ambao hawakuwa na ugomvi na Mjerumani wala Mwingereza, na mpaka leo jina la Kariakoo, Dar es Salaam, ni kumbukumbu ya kikosi chao cha wapagazi.

Basi ndugu yangu, joka si joka tu. Joka ni kiti kitupu. Mwenye nguvu humkalisha hapo anayemtaka, na mtazamaji aliyezoea kushangilia mkuki hushangilia tena bila kuuliza aliyekalishwa ni nani.

Utasema, angalau joka ni mnyama wa kubuni. Ni kweli. Ndiyo maana sasa nataka tutazame picha ambayo ndani yake kiti kile kimekaliwa na watu.

Mwaka 1144 mvulana mmoja jina lake William alikutwa amekufa msituni karibu na mji wa Norwich. Kifo chake kilikuwa cha kweli; mama yake alilia machozi ya kweli. Baadhi ya ndugu zake waliwanyoshea kidole Wayahudi wa mji, lakini mkuu wa jimbo aliwapa hifadhi ngomeni, na hakuna aliyehukumiwa. Jambo likalala miaka kadhaa. Ni nini kilichokuja kuliamsha? Deni. Mwanajeshi mmoja aliyekuwa akidaiwa fedha na Myahudi wa Norwich alishtakiwa kwamba mwenye kumdai ameuawa kwa ajili yake. Askofu, akimtetea mwanajeshi huyo, akaufufua msiba wa William: kabla ya kutuuliza habari za Myahudi aliyeuawa, Wayahudi na wajibu kwanza habari za mtoto wetu. Kisha mtawa mmoja, Thomas wa Monmouth, akaandika kitabu kizima kuthibitisha kwamba mtoto alikuwa shahidi wa imani na kwamba Wayahudi ndio waliomtesa. Kaburi likawa na miujiza, wahujaji wakaja, sadaka zikaja.

Hadithi ile haikukaa Norwich. Mwaka 1255 huko Lincoln alikufa mtoto mwingine, Hugh, na safari hii mfalme mwenyewe, Henry III, aliingilia kati. Wayahudi 19 waliuawa. Kabla ya hapo, mwaka 1190, huko York, Wayahudi waliokimbilia ngome waliangamia wapatao 150, wengi wakijiua wenyewe kuliko kuanguka mikononi mwa umati. Na nisikilizeni vizuri hapa: baada ya mauaji, viongozi wa umati ule walikwenda kanisa kuu, mahali zilipohifadhiwa hati za madeni, wakazichoma moto. Hata kama wengine walikuwa na hasira ya dini, hao walijua walichokuja kutafuta. Mwaka 1290 Wayahudi wote wakafukuzwa Uingereza.

Je, picha zilikoma, kwa kuwa waliochorwa walikuwa wameondoka? Hata kidogo. Katika kanisa la Loddon, si mbali na Norwich, uko mpaka leo ukuta wa mbao uliochorwa mwishoni mwa Zama za Kati. Mtoto William amefungwa kwenye nguzo, wanaume wanamchoma ubavuni, damu inakingwa kwenye bakuli. Mchoraji wa picha ile alizaliwa katika nchi ambayo Wayahudi walikuwa wamefukuzwa vizazi kadhaa kabla yake. Yeye alichora alichosimuliwa. Na wakulima wasiojua kusoma, wakisali mbele ya picha ile Jumapili hadi Jumapili, walimchukia mtu ambaye hawakuwahi kumwona. Huo ndio uwezo wa kitu tunachoambiwa ni picha tu. Ilikuwa mwaka 1955, miaka 700 kamili baada ya kifo cha Hugh, ndipo Kanisa la Uingereza lilipoweka maandishi katika kanisa kuu la Lincoln kukiri kwamba hadithi zile zilikuwa za kutungwa na kwamba ziliwagharimu maisha watu wasio na hatia. Miaka 700!

Sasa nitazame upande wa pili, maana sitaki mniambie nimekuja kuvunja sanamu.

Mwaka 1170, tarehe 29 Desemba, Askofu Mkuu Thomas Becket aliuawa ndani ya kanisa lake la Canterbury na wanajeshi wanne wa Mfalme Henry II. Picha za kifo hicho zilienea Ulaya yote: katika vioo vya rangi, katika vitabu, katika visanduku vya masalia, na katika beji ndogo za madini hafifu ambazo hata maskini aliweza kununua akashona kwenye kofia. Tazama picha hizo. Hazina joka wala taifa linalolaumiwa. Kuna watu wenye panga, nasi tunawajua kwa majina: Reginald FitzUrse, Hugh de Morville, William de Tracy na Richard le Breton. Katika baadhi ya picha, FitzUrse ana alama ya dubu kwenye ngao yake, maana jina lake linamaanisha mwana wa dubu. Hata asiyejua kusoma aliweza kumtambua. Ni picha inayosema: huyu ndiye, na huyu, na huyu.

Na picha inayomtaja mtu humwogopesha mtawala kuliko ile inayolaumu kabila. Henry II alilazimika mwaka 1174 kutembea bila viatu hadi kaburini na kuchapwa mijeledi na watawa. Henry VIII mwaka 1538 akaamuru kaburi livunjwe, picha za Becket zing'olewe, na jina lake lifutwe vitabuni. Picha zinazochochea chuki dhidi ya wanyonge watawala huzivumilia kwa karne nyingi. Zile zinazomnyoshea kidole mwenye kiti cha enzi ndizo hupakwa chokaa. Jiulize kwa nini.

Haya, turudi Juba.

Januari 2025 zilifika kwenye simu zetu video kutoka Wad Madani, Sudan, mji ambao jeshi la nchi ile lilikuwa limetoka kuuchukua tena. Zilionyesha ndugu zetu wa Sudan Kusini wakiuawa. Sikusudii kupunguza uzito wa jambo hilo hata chembe. Waliouawa walikuwa watu wetu, na vifo vyao vilikuwa vya kweli, kama kifo cha William kilivyokuwa cha kweli. Mimi niliitazama video moja, nikalia, kisha nikaituma kwa watu. Naliandika hilo ili msidhani nahubiri nikiwa nimekaa juu ya mti.

Katika makundi ya simu niliyomo, haikuchukua siku mbili nyuso za marehemu wakawekewa mishumaa na mabawa ya malaika. Chini yake yakaandikwa maneno ya kuitaka damu. Ndugu wasomaji, hizo ni picha za watakatifu, zilizotengenezwa kwa mikono ya watu wa kawaida, kama walivyofanya watu wa Norwich. Lakini juu ya waliotenda, picha zile hazikuwa na jina, wala cheo, wala kikosi. Ziliandika neno moja: Wasudani. Kiti kitupu kikapata mtu wa kukikalia, na huyo mtu alikuwa jirani.

Mnakumbuka yaliyofuata. Maduka ya wafanyabiashara wa Sudan yalivunjwa na kuporwa hapa mjini. Ghasia zikafika miji mingine. Polisi walisema watu wa Sudan 16 waliuawa. Serikali ikapiga marufuku kutoka nje usiku, kisha ikafunga Facebook na TikTok kwa siku kadhaa.

Mtaani kwetu kulikuwa na mzee wa duka kutoka Darfur. Watoto wote tulimwita Ammi, jina la heshima la baba mdogo. Alikuja Juba akikimbia vita vya kwao. Waliomfukuza yeye hawakuwa tofauti sana na waliowaua ndugu zetu. Usiku ule duka lake lilimalizwa: sukari, unga, mabati ya paa. Asubuhi nilikuta kwenye vumbi kurasa za daftari lake la madeni, nyingine zimechanwa, nyingine zimechomwa. Jina la mama yangu lilikuwamo katika daftari lile, pamoja na majina ya nusu ya mtaa. Nilikuwa bado sijasoma habari za York. Nilipokuja kuzisoma, nilifunga kitabu nikatoka nje.

Najua majibu yatakayotolewa, nami nitayajibu matatu.

La kwanza: "Wewe unawatetea wauaji wa Wad Madani." Hapana, ninyi ndio mnaowatetea. Anayesema "Wasudani wameua" amempa muuaji mahali pa kujificha katikati ya mamilioni ya watu. Muuaji wa Wad Madani hakupoteza hata kikombe cha sukari Juba. Aliyepoteza ni Ammi. Anayetaka haki anataka jina la mtu, jina la kamanda wake, mahali na tarehe, kama wachoraji wa Canterbury walivyojua kuchora dubu kwenye ngao.

La pili: "Chuki ilikuwapo kabla ya picha." Ni kweli, na petroli ipo kabla ya kiberiti. Sijasema picha pekee inaua. Norwich kulikuwa na deni, York kulikuwa na deni, na Juba kuna njaa, mishahara isiyolipwa na vijana wasio na kazi. Picha ndiyo inayoiambia njaa hiyo iende mlango gani. Wanyarwanda hawahitaji kufundishwa hili. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani watu watatu wa vyombo vya habari, na mmoja wao alikuwa mhariri wa Kangura, gazeti lililotumia vibonzo pamoja na maneno.

La tatu ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu wanalisema kwa Kiswahili sanifu: "Samaki mmoja akioza, wote wameoza." Methali hii tunaikariri darasani kama hekima. Kwa samaki kwenye kapu huenda ikafaa. Kwa binadamu ni hukumu bila kesi. Wahenga haohao walituachia nyingine, "Ubaya hauna kwao," na hiyo hatuikariri. Nawaomba walimu wetu: mkitufundisha methali, tufundisheni pia kubishana nazo.

Nitoe mfano ulio karibu nasi, usiohusu Wasudani wala Wayahudi. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda aliuawa Februari 1977 chini ya utawala wa Idi Amin. Serikali ilitangaza kwamba yeye na mawaziri wawili wamekufa katika ajali ya gari. Leo sanamu yake imesimama juu ya mlango wa Westminster Abbey, London, pamoja na mashahidi wengine wa karne ya 20. Yeye ni Becket wetu. Luwum alikuwa Mwacholi, na Waacholi wapo hapa kwetu, Magwi. Amin aliitwa Mkakwa, na Wakakwa wapo hapa kwetu, Yei. Wote wawili wamo katika madarasa yetu. Tukiichora picha ya Luwum, tutamchora Amin na watu wake wenye majina, au tutawachora "Wakakwa"? Swali hili si la vitabuni. Baada ya Amin kuanguka mwaka 1979, wakulima wa West Nile waliandamwa kwa makosa ya mtu waliyeitwa ndugu zake, na maelfu wakakimbilia upande wetu wa mpaka. Samaki mmoja alikuwa ameoza. Kapu zima likamwagwa.

Na tunaye Bakhita, mtakatifu wetu wa karibu, ambaye redio ya Kikatoliki ya mji huu imebeba jina lake. Alizaliwa Darfur, akatekwa utotoni, akauzwa mara kadhaa, akachanjwa mwili kwa kisu. Watoto wa shule wakiambiwa wachore utumwa wake, watachora nini? Wengi watachora mtu mwenye kilemba, basi. Lakini huyo mwenye kilemba anafanana na Ammi, ambaye ni wa Darfur kama Bakhita mwenyewe. Bakhita alisema kwamba kama angekutana na wale waliomteka angepiga magoti na kuibusu mikono yao. Mimi sina utakatifu wa kiasi hicho, wala simdai mtu yeyote awe nao. Ninachodai ni kidogo zaidi: tusimfanye Bakhita awe George, na jirani yetu awe joka.

Wanafunzi wenzangu, sisi tumechagua kusoma lugha, basi tutumie tulichofundishwa. Wiki ya kwanza tulijifunza tofauti ya *a-* na *wa-*. *Aliua. Waliua.* Ni herufi moja tu inayoongezeka, na ndani ya herufi hiyo kabila zima linaweza kuzama. Kila tunapoandika *wa-* chini ya picha ya aliyekufa, iwe ni *wa-* yenye hesabu: ni wangapi, ni nani, wapi, lini. Tusipojua, tuandike kwamba haijulikani, au tusiandike kitu. Wanaochora kuta za makanisa yetu waulizwe hivyohivyo, na walimu wetu walipe swali hili muda wa darasa, badala ya kutabasamu na kusonga mbele.

Ndugu yangu uliyeleta picha ya George, sikukuuliza swali lile kwa utani. Ammi hakurudi. Mama yangu ameweka kando fedha za deni lile, zimefungwa kwenye kitambaa ndani ya sanduku, na kila ninapopita pale duka lilipokuwa hunituma niulize kama kuna mtu anayejua alikoenda. Mpaka leo hajapatikana wa kumlipa.